Kuisoma mbingu ya usiku ukiwa karibu na ikweta: mwongozo kamili wa macho matupu na darubini ndogo

Jioni moja jirani aligonga geti langu hapa Tanga mjini. "Jirani, hebu toka nje. Kuna droni imesimama juu ya minazi, dakika ya ishirini hii haiondoki." Nikatoka na ndala mguuni. Upande wa magharibi, juu kidogo ya makuti, kulikuwa na nukta nyeupe inayong'aa kushinda taa ya nguzo. Haikupepesa hata kidogo. Ilikuwa Zuhura.

Nilimwambia asimame palepale, aipange ile nukta na ncha ya kuti moja, tusubiri. Baada ya robo saa ilikuwa imezama nyuma ya kuti. "Basi inatua," akasema. Inatua kweli, nikamjibu, kama jua linavyotua.

Mwongozo huu ni wa mtu kama yeye. Ana macho, ana ua au paa, pengine ana darubini ndogo ya macho mawili, na anataka kujua anachokiona ni nini. Nimeuandika kwa mbingu ya kwetu kwa sababu vitabu na video nyingi za nyota zimetengenezwa Ulaya na Marekani, na somo lao la kwanza ni "tafuta Nyota ya Kaskazini". Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho, na hata ukipanda mnara hutaiona. Mimi niliitafuta miezi mitatu.

Chagua usiku kabla ya kuchagua nyota

Mwezi ndio unaoharibu mambo. Ukitaka kujua usiku mzuri, muulize mvuvi wa dagaa. Yeye hutoka na taa zake wakati wa giza, maana mbalamwezi ikitanda taa hazivuti kitu. Nyota ni vivyo hivyo. Mwezi huchelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku nne au tano baada ya mwezi mpevu unakuwa na giza safi tangu magharibi mpaka saa 4 hivi usiku. Kuanzia hapo hadi siku tatu nne baada ya mwezi kuandama, jioni zote ni zako.

Majira nayo yana neno. Masika, Machi hadi Mei, utakula hasara nyingi za mawingu. Januari na Februari anga huwa safi, joto tu na mbu. Juni hadi Septemba ndio msimu ninaoupenda, hasa bara, ambako kipupwe hukausha hewa.

Mahali: kwa mwezi na sayari, paa la nyumba mjini linatosha, mradi taa ya barabarani isikupige machoni. Kwa vitu hafifu lazima utoke. Mimi huenda Pangani, ufukwe unatazama mashariki na mbele yako hakuna kitu isipokuwa bahari. Nenda na mwenzako, na umwambie mwenyeji. Mtu aliyesimama gizani na mrija mweusi mkononi huleta maswali. Vijana wa ulinzi shirikishi waliwahi kuniuliza ninatega nini. Niliwapa darubini waangalie mwezi, wakakaa nusu saa nzima, doria ikasimama.

Ukifika, yape macho dakika 20 hadi 30 za giza. Ukiwasha simu mara moja tu, umeanza upya. Tochi ifunge karatasi nyekundu ya kufungia zawadi, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu hausumbui macho sana. Na kitu hafifu usikikodolee. Tazama pembeni yake kidogo, kitajitokeza, kwa sababu katikati ya jicho ni dhaifu gizani.

Dira na rula unazo tayari

Kwa watu wa mwambao, kaskazini si tatizo. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Tanga, tofauti ni kama nyuzi moja na nusu tu, hivyo kila kibla ya msikiti ni dira. Wazee walitumia neno kibula kwa maana ya kaskazini. Na upande wa pili walisema suheli, jina la nyota ya kusini ambayo tutaifikia.

Rula ni mkono wako. Unyooshe mbele kabisa, fumba jicho moja. Upana wa kidole cha mwisho ni kama nyuzi 1. Vidole vitatu vya kati pamoja, nyuzi 5. Ngumi, nyuzi 10. Kutoka upeo wa macho hadi utosini ni ngumi tisa. Jaribu kuupima mwezi mpevu: watu huapa kwamba utajaza ngumi, kumbe kidole cha mwisho kinaufunika na nafasi inabaki, kwa sababu ni nusu nyuzi tu.

Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani ngumi na nusu. Kwetu nyota hupanda karibu wima kutoka mashariki na kushuka wima magharibi, si kwa mshazari kama Ulaya. Tena kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana. Mwezi mzima ukipita, zimekuwa saa mbili. Ndiyo sababu anga la saa 3 usiku mwezi huu ni lile la saa 5 usiku mwezi uliopita.

Nanga ya kwanza: Jabari

Usijaribu kujua makundinyota yote 88, yale mafungu ya nyota yaliyopewa majina. Jua moja vizuri, mengine utayafikia kwa kutembea.

Kati ya Desemba na Machi nanga ni Jabari. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mfupi, zinalingana mwanga, zote zinafichwa na vidole viwili. Huo ni mkanda wake, na hakuna nyota tatu nyingine za namna hiyo angani. Mwanzoni mwa Desemba, saa 3 usiku, unakuwa ngumi mbili na nusu juu ya upeo wa mashariki. Mwisho wa Januari saa ileile unakuwa utosini, ukilala chali kwenye mkeka ndio unaouona vizuri. Mwisho wa Aprili, saa hiyohiyo, unazama magharibi.

Vitabu vya Ulaya vitakuonyesha Jabari amesimama. Kwetu huchomoza amelala ubavu. Kushoto kwa mkanda, upande wa kaskazini, kuna nyota yenye wekundu wa kaa la moto, Ibuti la Jauza, ambayo programu za simu huiita Betelgeuse. Kulia kuna nyeupe yenye ubuluu, Rijili. Tazama moja, kisha nyingine, mara tano au sita, mpaka jicho likubali kwamba nyota zina rangi. Rangi ni joto: nyekundu ina joto dogo, ya buluu ina joto kubwa. Kinyume cha bomba la bafuni.

Sasa tembea. Ufuate mstari wa mkanda kushuka kulia, yaani kusini, na kama ngumi mbili mbele utagonga Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Iko umbali wa miaka ya nuru 8.6, mwaka mmoja wa nuru ukiwa ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka, kwa hiyo mwanga unaoupokea uliondoka huko mtoto wa darasa la tatu akiwa bado mchanga. Endelea zaidi kusini, utapata nyingine nyeupe, ya pili kwa mwanga angani, imetulia peke yake. Hiyo ndiyo Suheli. Manahodha waliiita kusini yenyewe kwa jina lake.

Rudi kwenye mkanda, ufuate upande wa pili, kaskazini. Utapita Dabarani, nyekundu-chungwa, jicho la Ng'ombe, kisha kishungi kidogo cha nyota zilizosongamana kama zimepuliziwa mvuke. Hicho ni Kilimia. Mtu mwenye macho mazuri huhesabu sita, wengine saba.

Hapa nitakaa kidogo. Methali ya wazee inasema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Niliisikia tangu utotoni bila kuielewa, nikidhani ni fumbo la maisha. Ni ripoti ya anga. Mwisho wa Aprili Kilimia huonekana magharibi mara baada ya jua kutua, chini kabisa. Mei kinapotea ndani ya mwanga wa jua, na huko nje masika inamwagika. Juni kinazuka upya mashariki kabla ya alfajiri, na mvua kubwa imekwisha. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Ukitaka kuithibitisha, toka nje kila Jumapili jioni kuanzia Machi, pima kwa ngumi urefu wake juu ya upeo, andika. Ndani ya wiki nane utakiona kinashuka mpaka kinakutoka.

Nanga ya pili: Nge

Jabari akizama, Nge hupanda. Hawaonekani vizuri pamoja kamwe, mmoja akiwa juu mwingine yuko chini. Kuanzia Mei mpaka Septemba tafuta mashariki na kusini nyota nyekundu yenye nyota ndogo kila ubavu. Huo ni moyo wa Nge, kwenye programu huandikwa Antares. Katikati ya Julai saa 3 usiku unakuwa juu sana, ngumi saba hivi, ukielekea kusini. Ukitazama kusini, kichwa cha Nge kiko kulia na mkia unashuka kushoto, kisha unajikunja. Mimi naona ndoana, na sioni haya kuiita hivyo.

Kushoto kwa mkia ndipo Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota zisizohesabika, ilipo nene kuliko kote. Unatazama kitovu cha galaksi yetu, kilicho kama miaka ya nuru 26,000. Mjini hutaona kitu. Pangani, usiku wa giza la Julai, kuna mtu niliyempeleka alidhani ni wingu la mvua akaanza kukusanya mkeka.

Kusini na kaskazini kwa mkupuo mmoja

Hii ndiyo zawadi ya ikweta. Subiri usiku mkavu mwishoni mwa Mei, saa 3. Tazama kusini, kama ngumi tatu na nusu juu ya upeo: nyota nne zimejipanga msalaba mdogo uliosimama wima. Ni Salibu. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zinazouelekea kama vidole. Ile ya nje ni Rijili Kantori, jirani yetu wa miaka ya nuru 4.4 tu. Hakikisha hizo mbili zipo, maana kulia zaidi kuna msalaba wa uongo, mkubwa na hafifu, ambao umewapotosha wengi. Ukitaka kusini halisi, refusha mti mrefu wa Salibu kuelekea chini mara nne na nusu, utafika kwenye ncha ya kusini ya anga. Kwa Tanga ncha hiyo iko nusu ngumi tu juu ya upeo, kwa hiyo Salibu ikiwa wima, wewe shuka nayo moja kwa moja hadi chini. Hapo ni kusini.

Geuka nyuma bila kuhama. Kaskazini, ngumi mbili hadi tatu juu, nyota saba za Dubu Mkubwa zimening'inia kama upawa uliopinduliwa. Mtu wa London haioni Salibu maisha yake yote, na wa kusini kabisa mwa dunia haupati upawa huu mzima. Wewe una vyote viwili, na shingo moja ya kuzungusha. Fuata upinde wa mpini wa upawa, utafika kwa Simaki, ya rangi ya chungwa, na ukiendelea na upinde uleule utafika Sumbula, nyeupe.

Nukta usiyoijua: maswali ya kujiuliza

Turudi kwa jirani na droni yake. Ukiona mwanga usioujua, uliza kwa mpangilio huu.

*Inatembea?* Yenye taa nyekundu na kijani zinazowaka na kuzima ni ndege. Nukta nyeupe inayokwenda taratibu bila kupepesa, ikavuka anga kwa dakika nne hadi sita, ni setilaiti. Ikiwa kali sana na inakwenda kuelekea upande wa mashariki, huenda ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka dunia kila dakika 90, kama kilomita 400 juu. Usishtuke ikizimika katikati ya anga. Imeingia kwenye kivuli cha dunia, ndiyo maana nyingi huonekana mwanzo wa usiku na kabla ya alfajiri. Nukta nyingi zinazofuatana kama siafu ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Na kwa kuwa tuko kwenye setilaiti: ile ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Mstari uliowaka sekunde moja ukaisha ni kimondo. Usiku mzuri ni wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, baada ya saa 4, vikitokea upande wa kundinyota la Mapacha. Vya tarehe 5 na 6 Mei, kabla ya alfajiri, vinatokana na vumbi la nyota-mkia ya Halley na upande wetu wa dunia hufaidi zaidi, ila masika ndiyo hiyo. Darubini hapa haina kazi, ni mkeka na kahawa. Mara chache sana jiwe hufika chini: Mbale, Uganda, mawe yalinyesha tarehe 14 Agosti 1992, na Mbozi kule Songwe kimelala kimondo cha chuma cha tani 16 hivi.

*Imetulia lakini inapepesa?* Ni nyota. Iko mbali kiasi cha kuwa nukta tupu, na hewa huitikisa. Karibu na upeo nyota kali kama Shira hurusha rangi zote, nyekundu, kijani, buluu, na watu hupiga simu redioni.

*Imetulia na haipepesi?* Karibu hakika ni sayari. Sasa tazama saa na mahali. Nyeupe kali magharibi baada ya jua kutua, au mashariki kabla halijachomoza, ni Zuhura. Haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, kwa hiyo kitu kinachowaka saa 6 usiku si yeye. Nyeupe-manjano, kali, juu usiku wa manane, ni Mshtarii. Nyekundu ni Mirihi, ambayo hung'aa sana kila baada ya miezi 26 hivi kisha hufifia. Februari 2027 itakuwa kali, ndani ya kundinyota la Simba, na Mshtarii itakuwa kwenye kundi hilohilo. Usiichanganye Mirihi na moyo wa Nge, ambao unapepesa. Zohali ni ya manjano iliyopoa, haina makeke. Utaridi hujificha kwenye mwanga wa jua, ukiipata hongera.

Sayari zote hupita njia ileile ya mwezi na jua, katika yale makundi yanayotajwa kwenye kurasa za nyota za magazeti: Ng'ombe, Mapacha, Simba, Mashuke, Nge. Ukiwa na nukta kali nje ya njia hiyo, si sayari. (Na ndiyo, nikisema natazama nyota, kuna mtu lazima aulize nyota yake inasemaje wiki hii.)

Programu ya simu kama Stellarium itakupa jibu, lakini weka kwanza mahali ulipo, na usiiamini dira ya simu ukiwa karibu na bati au gari. Jibu mwenyewe kwanza, halafu ndipo ufungue simu.

Darubini: usinunue kwa namba kubwa

Nilianza vibaya. Duka moja liliniuzia darubini ya mrija iliyoandikwa "inakuza mara 525". Lenzi yake ilikuwa na upana wa milimita 60. Kanuni ni kwamba ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita, kwa hiyo ile ilikomea 120, na stendi yake ya plastiki ilitetemeka ukiipumulia. Mwezi ulikuwa unacheza ngoma.

Nunua darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50, hata ya mtumba. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele. Kabla ya kulipa, tazama nayo antena ya mbali: ukiona mbili badala ya moja, iache. Wakati wa kuangalia egemea ukuta, viwiko vibane mbavuni, au laza darubini juu ya fimbo ya fagio uliyoisimamisha.

Anza na mwezi wa siku ya saba, si mpevu. Kwenye mpaka wa giza na mwanga vivuli ni virefu na mashimo yanaonekana kina chake. Utagundua pia kwamba kwetu mwezi mchanga hulala chali kama mashua, si wima kama ulivyochorwa vitabuni.

Kisha Mshtarii. Pembeni yake utaona vidoa viwili, vitatu au vinne kwenye mstari mmoja, vimeng'ang'ania kama punje za chumvi. Ni miezi yake mikubwa, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610. Chora. Kesho rudi, chora tena. Mmoja atakuwa amehamia upande wa pili, mwingine hayupo, amepita nyuma. Io, mmojawapo wa miezi hiyo, humaliza mzunguko kwa siku 1 na saa 18. Pete za Zohali hutazipata kwa chombo hiki, zinataka darubini ya mrija inayokuza mara 30 hivi.

Vingine vya kuwinda: ukungu ulio chini ya mkanda wa Jabari, ambamo nyota zinazaliwa, Kilimia, ambacho sita zinageuka makumi, na kishungi cha nyota karibu na ncha ya mkia wa Nge. Januari, mahali penye giza la kweli, tazama kusini ngumi mbili na nusu juu, utaona kipande cha wingu kisichosogea. Ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi nyingine, miaka ya nuru 160,000 hivi.

Daftari

Kila usiku andika tarehe, saa, mahali, hali ya mwezi, ulichokiona na urefu wake kwa ngumi. Ukurasa wangu mmoja unasema: "Pangani, saa 3:10 usiku, giza, upepo. Salibu wima. Upawa kaskazini. Mwanga mwekundu mashariki, haupepesi, chini kabisa kwenye upeo. Si nyota. Dakika 20 baadaye: ni taa ya meli."

Jambo moja la saa, maana limenipotezea kupatwa kwa mwezi. Programu ikikuandikia 21:00, hiyo ni saa 3 usiku. Lakini ikiandika UTC, ongeza kwanza saa tatu, ndipo uigeuze kuwa saa ya Kiswahili.